Siku 14 za samli na kuharishwa: je, zitatoa "sumu" mwilini mwangu?

SWALI

"Assalaam aleykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 52, mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati tangu nilipoolewa. Nina sukari mwaka wa saba sasa, na presha mwaka wa nne. Natumia metformin asubuhi na usiku, dapagliflozin asubuhi, na kidonge kimoja cha presha chenye losartan na haidroklorothiazaidi pamoja. Ninachougua ni gesi tumboni, uchovu usiokwisha, ulimi una utando mweupe kila nikiamka, na nyayo zinawaka moto usiku mpaka nazitoa nje ya shuka. Jirani yangu Mmalabari kanipeleka kwa tabibu wao wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi. Akanishika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, akanitazama ulimi, akasema mimi ni mtu wa kapha, pitta yangu imepanda, na tumbo limejaa kitu anachokiita ama, yaani sumu. Kanipangia siku 14: samli ya dawa kila asubuhi kwa wiki nzima, kukandwa mafuta na kufukizwa, siku moja ya kuharishwa, kisha enema, yaani kuingiziwa kwa njia ya haja kubwa, za mafuta na za dawa. Anasema nikimaliza huenda vidonge vya hospitali nisivihitaji tena. Marehemu bibi yangu alikuwa akitunywesha haluli kila likizo ya shule na hatukudhurika. Dada yangu anasema hizo pitta na kapha ni safura na balghamu zetu wenyewe. Ni kweli? Na nifanye au nisifanye?"

JIBU

Waaleykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana ina maswali mawili uliyoyaandika na la tatu ambalo hukuliandika: umechoka na vidonge. Hilo silidharau. Mtu anayemeza vidonge vinne kila siku, mwaka baada ya mwaka, na bado usiku anatoa miguu nje ya shuka, ana haki ya kutazama mlango mwingine.

Jibu fupi nikupe mapema. Wiki ya samli, siku ya kuharishwa na zile enema, usifanye, kwa sababu ya dawa hasa unazotumia. Kukandwa kunawezekana, kwa masharti nitakayoyataja. Vidonge usiviache kwa ahadi ya "huenda". Na katika hayo malalamiko yako manne, baadhi nayashuku yanatoka mahali ambapo tabibu wako hakupatazama, pengine ndani ya pakiti ya metformin yenyewe. Sasa tuongee taratibu.

Nianze na dada yako, kwa sababu amepatia nusu. Matabibu wa Kiyunani wa kale walihesabu vimiminika vinne mwilini: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Waarabu wakaipokea elimu hiyo, tabibu Ibn Sina akaipanga katika kitabu chake cha Qanun karne ya 11, na kwa majahazi na vitabu ikafika pwani yetu. Ndiyo maana tuna safura (nyongo ya manjano), balghamu na sauda (nyongo nyeusi), maneno ya Kiarabu matupu. Safura yenyewe imeshahama nyumba: muulize mwanafunzi wa leo, atakwambia ni ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu. Lakini mabaki ninayoyapenda kuliko yote ni baridi yabisi. Sote tunalitamka jina hilo kwa maumivu ya viungo bila kufikiri kwamba ni utabibu wa kale mzima ndani ya maneno mawili: ubaridi na ukavu. Tabibu wako angetafsiriwa jina hilo angetabasamu, maana naye maumivu ya viungo huyaweka chini ya vata, mwenzao wa tatu kapha na pitta, na sifa za vata katika vitabu vyao ni hizo hizo, baridi na kavu.

Nusu aliyokosea ni hii. Wahindi wana tatu, wala si nne. Kapha inakaribiana na balghamu, pitta inakaribiana na safura, lakini vata haina pacha upande wa Wayunani. Vata ni upepo, ni mwendo wenyewe: kinachosukuma chakula, kinachotoa pumzi, kinachopeleka habari. Huwezi kuikinga kwenye kikombe. Na damu haimo katika hizo tatu, ingawa Sushruta, yule bingwa wa upasuaji wa zamani, aliipa heshima inayokaribiana nazo. Hata neno dosha, ambalo ndilo jina la zote tatu, kwa Kisanskriti lina maana ya kasoro, kitu chenye kuharibu. Kwa Kiswahili chetu tungesema ni kile ambacho kikizidi, mambo yanatumbukia nyongo.

Kwa hiyo akikwambia pitta yako imepanda, hakupima nyongo yako. Hakuna maabara duniani yenye mizani ya pitta. Amekusanya dalili, yaani moto wa nyayo, umri, ulimi na mapigo ya mshipa, akazifunga kwa fundo moja lenye jina. Ni lugha ya kupanga dalili, na ni lugha yenye werevu wake, lakini haituambii figo zako zinafanyaje kazi. Hapo ndipo hatari ilipojificha.

Neno ama nalo lina kisa chake. Maana yake ya asili ni kibichi, kisichoiva. Katika fikra za Ayurveda tumboni mna moto, agni, na moto ukififia chakula hubaki nusu mbichi, kinakuwa kizito na chenye kunata, kinaziba njia. Hiyo ni picha ya jikoni, na mtu yeyote aliyewahi kuinjika sufuria kwenye mkaa unaozimika anaielewa. Kuigeuza "sumu" ni lugha ya siku hizi, ya mabango na vipeperushi. Sumu ina jina, ina kipimo, na unaweza kuuliza imepungua kwa kiasi gani. Muulize anayekuuzia kuitoa: ni sumu gani? Akikujibu risasi, zebaki, pombe, hayo tunaweza kuyapima. Akikujibu "uchafu wa miaka", hapo pana tatizo.

Maana uchafu wa miaka haupo. Utando wa ndani wa utumbo hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya siku chache. Ukuta unaojipaka rangi mpya kila wiki hauwezi kushika masizi ya mwaka juzi. Wagonjwa wanaoandaliwa kwa uchunguzi wa kamera ya utumbo mpana hunywa dawa ya kuharisha, na sisi tunapoingiza kamera tunakuta ukuta wa waridi unaong'aa, si tabaka la lami. Kazi ya kusafisha hufanywa na ini, linalogeuza amonia kuwa yurea na kuvunja dawa unazomeza, na figo, zinazochuja kama lita 180 za maji kila siku na kurudisha karibu zote. Hawa ndio wafagizi wa nyumba. Ukiharisha, huwasaidii, unawanyang'anya maji ya kudekia.

Lakini sitaki uondoke hapa ukidhani wale wazee walikuwa wajinga, kwa sababu hawakuwa.

Miaka kadhaa nyuma nilikaa wiki tatu Kerala nikimuuguza mkwe wangu aliyepata kiharusi. Tiba hii uliyopangiwa huko wanaiita panchakarma, matendo matano. Kwa hesabu ya Charaka, tabibu mwingine wa kale wa Kihindi, ni kutapisha, kuharisha, enema za aina mbili, moja ya maji ya dawa na moja ya mafuta, na dawa ya kutia puani. Kwa Sushruta kuna kutoa damu, kwa ruba au kwa pembe, na hiyo pembe mtu wa pwani anaijua bila kuelezwa: ni chuku. Ule mchirizi wa mafuta kwenye paji la uso unaouona kwenye matangazo ya hoteli haumo katika matano. Ni mzuri kwa picha.

Mkwe wangu alilazwa kwenye kitanda cha mbao kilichochongwa kwa gogo moja, chenye mfereji pembeni wa kukusanya mafuta, na wakandaji wawili, mmoja kila upande, wakishuka na kupanda pamoja kama wapiga makasia wa mtepe. Yeye aliishia kwenye kukandwa tu. Chumba cha jirani palikuwa na mzee wa Mombasa aliyekuja kwa ngozi yake, na yeye ndiye aliyepitia njia nzima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muuguzi aliingia na kikombe cha chuma cha samli iliyopikwa na majani machungu, ya kijani cha matope. Siku ya kwanza mililita 30 hivi, kila siku ikipanda, siku ya sita ikafika 200. Mzee aliziba pua, akameza, akasukumia maji ya moto, kisha akashika kipande cha ndimu puani asitapike. Kila siku daktari alimuuliza swali lile lile: choo kimeanza kutoka na mafuta? Kilipoanza, samli ikasimama. Akakandwa na kufukizwa siku tatu, halafu ikaja siku ya kuharishwa. Muuguzi alikaa mlangoni na daftari akihesabu safari za msalani. Charaka ana viwango vyake: kumi ni kuharisha kudogo, ishirini ni kwa kati, thelathini ni kukubwa. Mzee alifika 14, akarudi kitandani amelegea kama kanga iliyolowa.

Sasa tazama jambo hili. Vitabu vyao vinasema kutapisha kumekamilika pale nyongo inapoonekana, na kuharisha kumekamilika pale ute wa kapha unapotoka. Wamepatia kabisa kwa macho. Ukitapika mpaka tumbo likawa tupu, valvu iliyo chini ya tumbo hulegea na nyongo iliyo kwenye utumbo mwembamba hupanda juu. Inatoka ya manjano au ya kijani, chungu. Ukiharisha mpaka kinyesi kikaisha, kinachobaki kutoka ni maji na ute ambao utumbo huutengeneza saa zote ili kujilinda. Kwa hiyo alama waliyoiweka ni alama sahihi ya "hakuna tena cha kutoka, acha". Ila hawakuwa wakitazama ugonjwa ukitoka. Walikuwa wakitazama mwili wenye afya ukitoa vitu vyake vya kawaida. Vivyo hivyo choo cha mafuta: ni samli iliyozidi uwezo wa utumbo kuifyonza, na siyo mafuta yaliyotolewa kwenye mishipa yako.

Na lile la mwisho, ambalo ndilo nililolipenda kuliko yote, ni chakula cha kurudi. Mzee hakupewa biriani jioni ile. Alianza na maji ya mchele, kesho yake uji mwepesi, kisha uji mzito, kisha dengu zilizochujwa, mpaka kufika wali baada ya siku kadhaa. Aliyepanga hivyo alikuwa amewaona watu waliokula upesi wakaumia.

Jambo jingine: kabla ya kikombe cha kwanza, mzee yule alipimwa moyo, figo, chumvi za damu na sukari, na presha yake ilichukuliwa asubuhi na jioni. Vidonge vyake vilipitiwa kimoja kimoja na daktari wa magonjwa ya ndani. Umenieleza kwamba wewe umeshikwa mshipa na kutazamwa ulimi. Hapo ndipo ninapokuwa mkali, kwa sababu nitakuonyesha kinachotokea kwa vidonge vyako vinne siku ya safari kumi na nne za msalani.

Losartan inalegeza mishipa, ikiwemo ule mdogo unaotoka kwenye chujio la figo. Siku za kawaida hilo ni jema, linailinda figo ya mwenye sukari. Lakini mwili ukikauka, figo huutegemea mshipa huohuo ujibane ili msukumo wa kuchuja usishuke, na losartan imeufunga mikono. Haidroklorothiazaidi inakukojosha maji na chumvi. Dapagliflozin inapitisha sukari kwenye mkojo na maji yanafuata. Kwa hiyo kabla hujameza haluli, tayari una mifereji miwili iliyo wazi. Ongeza wa tatu kwa chini, na figo inaweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Figo ikisimama, metformin, ambayo hutoka kwa njia ya figo tu, inaanza kujilundika, na ikijilundika damu inaweza kugeuka asidi. Hii haitokei mara nyingi. Ila inapotokea, watu hufa nayo.

Dapagliflozin ina ujanja wake mwingine. Mtu anayeitumia akiacha kula vizuri na kukauka, mwili huanza kuunguza mafuta na kumwaga asidi za ketoni, na kinachotisha ni kwamba kipimo cha kidole kinaweza kuonyesha sukari isiyotisha. Unajiona namba nzuri, kumbe unazama. Ndiyo maana hata kabla ya upasuaji mkubwa tunaisimamisha siku tatu. Tabibu atakayekunywesha samli na uji mwepesi bila kujua jina la kidonge hiki anakuendesha gizani.

Nina mgonjwa wangu mmoja, mzee wa makamo, aliyechemsha sanamaki nyumbani siku tatu mfululizo "kujisafisha" huku akiendelea na dawa ya kukojosha. Aliletwa moyo ukirukaruka, potasiamu ya damu imeshuka mpaka 2.4. Yu hai, na mpaka leo akiliona jani la sanamaki dukani anageuza uso. Hakutumia kitu cha ajabu. Ni jani ambalo kila duka la dawa za asili linalo.

Utaniuliza: mbona bibi hakutuua na haluli? Kwa sababu mlikuwa watoto wenye figo mpya, hamkuwa na kidonge hata kimoja, na ilikuwa siku moja, kisha mkapewa uji na kulazwa. Haluli ya chumvi ni magnesi. Inavuta maji kuyaingiza utumboni na kukusukuma. Figo nzima inaitoa magnesi iliyoingia kwenye damu. Figo iliyochoka inaibakisha. Mimi bibi yangu alitumia mafuta ya nyonyo na kahawa chungu, na mpaka leo harufu ya kahawa ile inanifanya nitafute mlango. Hayakutuponya kitu, lakini yalitupa siku ya kudekezwa.

Samli yenyewe nisiipite hivi hivi. Mililita 200 ni kama kalori 1,600 za mafuta matupu kwa mkupuo mmoja. Mafuta yakifika utumboni, mfuko wa nyongo hujikamua kwa nguvu. Kama ndani mna vijiwe, na kwa mama aliyepita arobaini mwenye sukari si jambo la kushangaza kuwa navyo bila habari, kijiwe kinaweza kuziba njia: maumivu chini ya mbavu za kulia, homa, macho manjano, au kongosho kuvimba. Enema, kwako, hazina cha kuongeza ila chumvi kuvurugika zaidi.

Na dawa unazopewa kuondoka nazo nyumbani, zitazame. Kuna tawi la Ayurveda linaloitwa rasa shastra linalotumia metali kwa makusudi, zebaki zikiwemo, baada ya kuzichoma mara nyingi kuwa majivu, bhasma. Mwaka 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Boston. Moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Mwaka 2008 wakarudia kwa bidhaa 193 zinazouzwa mtandaoni, za Kihindi na za Kimarekani, na jibu likawa karibu lile lile. Madini ya risasi hufunga choo, huleta msokoto wa tumbo, uchovu na upungufu wa damu. Fikiria mtu anayepewa dawa ya kusafishwa sumu, dawa inamtia risasi, risasi inamfunga tumbo, naye anarudi kuomba asafishwe tena.

Upande mwingine haki nayo isemwe. Mzizi wa Rauvolfia serpentina, wanaouita sarpagandha, ulitumika India karne nyingi. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, aliandika jinsi unavyoshusha presha, na miaka mitatu baadaye ikatolewa humo reserpini, mojawapo ya dawa za presha za mwanzo kabisa. Kwa hiyo sisemi mitishamba ile ni maji ya bahari. Nasema kinyume: ina nguvu, na chenye nguvu kikichanganywa kwa siri na losartan kinaweza kukuangusha chooni.

Kwa nini basi watu wanatoka huko wakisema wamezaliwa upya? Wamelala mapema wiki mbili, hawakugusa soda wala chapati za saa nne usiku, wamekandwa kila siku na mtu asiye na haraka, simu imezimwa, wamesikilizwa. Uzito umeshuka kilo mbili tatu, nyingi zikiwa ni maji. Sukari imeshuka kwa sababu wanakula uji. Hayo ni kweli, wanayahisi, na sina sababu ya kuwabishia. Majaribio ya panchakarma kwa wagonjwa wa sukari ni madogo na ya muda mfupi, na hayajaonyesha kwamba mtu anaweza kuachana na dawa zake.

Turudi kwenye nyayo zako, ambazo ndizo zilizonifanya niandike kwa urefu huu. Nyayo zinazowaka usiku kwa mtu wa sukari mwaka wa saba ni mishipa ya fahamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sukari huiumiza. Lakini metformin ikitumika miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, na upungufu wa B12 nao huchoma nyayo, huchosha mwili, na hata hupunguza damu. Tofauti yake ni kwamba huu unatibika, tena kwa bei nafuu, ukiwahiwa. Omba kipimo cha B12 wiki hii. Gesi pia: metformin ni mashuhuri kwa kuvuruga tumbo, na ipo aina inayoyeyuka taratibu ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi. Daktari wako anaweza kukubadilishia kwa kuandika mstari mmoja. Uchovu, mbali na B12, unadai kipimo cha damu, cha tezi ya shingo, na swali moja kwa mumeo: unakoroma na kukatika pumzi usiku? Ulimi mweupe wa asubuhi mara nyingi ni seli zilizokufa na bakteria juu ya mdomo mkavu. Hapo Ayurveda ina desturi ninayoiunga mkono, kukwangua ulimi kwa kikwangulio cha shaba au chuma kila asubuhi. Kama utando haukwanguki au unauma, uonyeshe hospitali, huenda ni fangasi, na wenye sukari huipata kwa urahisi.

Basi ukitaka kuchukua kitu kwa tabibu wako, chukua hivi. Kukandwa kwa mafuta ya vuguvugu, sawa. Lakini mafuta yapimwe joto kwa kiwiko cha mkandaji, siyo kwa nyayo zako, kwa sababu mguu usiohisi vizuri huungua bila kupiga kelele; nimeshona na kufunga vidonda vya namna hiyo vya kutosha. Kufukizwa, ningekuacha ukifanye kwa dakika chache tu, kichwa nje, maji karibu, na usisimame ghafla. Na Maskati ya mwezi wa Juni, dada yangu, kutoka tu nje mchana ni kufukizwa bila malipo. Chakula chepesi cha jioni, dengu, mboga, uji usio na sukari, kulala kabla ya saa nne: yote hayo yafuate mwaka mzima, si siku 14. Dawa yoyote ya kumeza, mwambie akuandikie majina ya vilivyomo kwa herufi zinazosomeka, umpelekee daktari wako. Ukiona neno rasa au bhasma kwenye chupa, iache mezani. Tabibu aliyesoma, na wapo waliosoma vizuri, shahada yao India huchukua miaka mitano na nusu, hatachukia kuulizwa. Akichukia, umeshapata jibu.

Kuhusu kupunguza vidonge, hilo linawezekana kwa baadhi ya watu wanaoshusha uzito na kubadili mlo, ila hupunguzwa kimoja kimoja, kwa kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari ya damu) cha kila miezi mitatu na presha ya nyumbani iliyoandikwa kwenye daftari. Nenda kwa daktari wako na swali hilo hilo ulilonificha: "Nimechoka, kipi kinaweza kupungua?" Muombe pia kreatinini, yaani kipimo cha figo, potasiamu, na picha ya altrasaundi ya tumbo kama hujawahi kuifanya. Na muulize vidonge gani usimamishe siku ukipatwa na kuharisha au kutapika kwa kawaida tu, hata kwa samaki mbovu, maana mwenye dawa zako anatakiwa alijue jibu hilo kabla ya siku yenyewe.

Ikiwa umeshaanza kunywa samli wakati barua hii inakufikia, acha leo, na usinywe ya kuharisha. Ukiwa unatapika, tumbo linauma, unahema kwa nguvu kama aliyekimbia, moyo unarukaruka, umechanganyikiwa, au hujakojoa tangu asubuhi, usisubiri miadi wala usidanganywe na namba nzuri ya kidole. Nenda idara ya dharura, na neno la kwanza utakalomwambia muuguzi wa mapokezi liwe "natumia dapagliflozin na metformin". Pakiti zake uzitie kwenye mkoba sasa hivi, kabla hujaufunga ukurasa huu.